Fahali Anayeshona kwa Waya

Nairobi,
12 Julai 1999

Baba mpendwa,

Mwangaluka, baba. Kabla ya yote, kwa niaba ya ukoo mzima, natangaza kifo cha fahali wetu mwekundu, yule aliyemchoma dada Milembe pembe kifuani akiwa mtoto. Amefia hapa Nairobi siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, bila kuugua na bila kuwahi kuzaliwa. Matanga hayatakuwepo.

Natumaini wewe na mama hamjambo, na mgongo wako umetulia. Mimi mzima. Ya Milembe nitayaeleza kwa mpangilio, usiruke mistari.

Jumanne alikuwa Kasoli, kwenye kituo cha mumewe Maganga cha kununua pamba, ambako siku hizi wanunuzi ni wengi kuliko magunia. Akashika kifua, akasema kitu kimechanika ndani kuelekea mgongoni. Maganga aliacha mzigo wa watu ukining'inia kwenye mzani, akamlaza nyuma ya pikapu juu ya pamba, akanipitia Bariadi. Mwanza walimpiga picha, wakasema hawamwezi. Ndege ya misheni ikatufikisha huku Alhamisi alfajiri.

Daktari bingwa alitueleza kwamba mshipa mkuu unaotoka moyoni umechanika ukuta wa ndani, damu inajipenyeza kati ya kuta zake. Ukipasuka na ule wa nje, basi. Kisha akauliza kuhusu kovu. Maganga alikuwa amesimama ubavuni mwangu, nikasema fahali. Daktari akainua picha kwenye taa, akatuonyesha vipande vya waya vilivyofunga mfupa wa kifua.

"Huyo fahali wenu anashona kwa waya?"

Akasema hatanii: kifua kilichowahi kufunguliwa, moyo unaweza kuwa umegandamana na mfupa, msumeno ukapita humo humo. Lazima ajue walifanya nini ndani. Je, kuna karatasi? Nikasema imebaki kwako Migato. Akatazama saa, akasema maandalizi yatachukua saa moja, baada ya hapo ataingia kwa kubahatisha.

Tukakaa kwenye benchi, mimi na Maganga. Nikamwambia shemeji, nenda ukanywe chai. Akasema nitangulie mimi. Nikasema sina njaa. Akasema hata yeye. Tulisukumiana chai ile mpaka machela ya Milembe ikapita mbele yetu.

Ndipo karatasi ikapatikana. Daktari aliisoma amesimama: mwaka 1987, kule ng'ambo walikompeleka mapadre, alipanuliwa kilango cha moyo. Akabadili mpango. Walianzia pajani, wakaiunganisha damu na mashine inayofanya kazi ya moyo kabla ya kugusa mfupa, na kweli moyo ulikuwa umeushika. Sehemu iliyochanika wakaweka mrija wa kitambaa. Walitoka saa kumi jioni. Daktari anasema makovu ya zamani ndiyo yaliyoushikilia mshipa kwa nje, la sivyo angefia Kasoli. Leo Milembe amekunywa uji, akauliza nani alimalizia kupima ule mzigo.

Sasa niungame. Karatasi ile uliyonipa niitunze, ukaniapisha asiione mtu wa kwa Maganga wasije wakasema tumewapa binti mbovu, ilikuwa mfukoni mwa shati langu tangu Bariadi. Saa nzima nilikaa nayo nikingoja Maganga aondoke. Machela ilipopita nikasingizia kwenda chooni, nikaikimbiza kwa daktari. Baba, niliogopa aibu yako kuliko kifo cha dada yangu. Hilo nalibeba mimi. Fahali ni wako.

Msalimie mama, umwambie mwanae anapumua mwenyewe.

Mwanao,
Novatus

Nyongeza: Maganga ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Anasema Milembe alimwambia yote kabla ya harusi. Pale kwenye benchi alikuwa anangoja mimi niondoke, amwambie daktari bila kukuvunjia heshima.