Wosia wa Babu kwenye Kompyuta ya Parokia

Nkwenda,
Karagwe.
14 Septemba 1997

Mpendwa Shangazi Placida,

Shikamoo. Habari za huko Tabora? Watoto hawajambo? Na mguu wako umepona? Sisi miili ni mizima, ila nyumba imepoa tangu tumzike Babu. Najua telegramu ilikufikia tumeshazika. Pole sana.

Nina jambo zito la kukueleza. Kwa miezi mitatu Babu alikuja ofisi ya parokia kila Jumamosi, akakaa kando yangu nikichapa wosia wake. Alinitania, "Redio yako hii mbona haiimbi?" Alisema wazi kwamba sehemu ya kibanja chetu cha migomba iliyo upande wa kisima ni yako, ili ukirudi na watoto usikose pa kulala. Ilibaki kuutoa kwenye karatasi aweke dole gumba.

Siku ile alikuwa mgonjwa nyumbani, mimi nasahihisha peke yangu. Jenereta ikazimika ghafla. Unajua kwetu msiba ukitangazwa, jembe huwekwa chini na mashine husimama. Pastory, fundi wa jenereta, aliizima kwa heshima. Nikatoka nje kuuliza ni nani amefariki; kumbe ni Babu.

Baada ya matanga tuliwasha tena. Kompyuta ikasema haikuzimwa vizuri, ikaanza kukagua diski yake. Mstari wa njano ukasogea taratibu, ukakwama, ikauliza kama irekebishe makosa. Nilifungua kamusi kutafuta maana ya Kiingereza chake. Pastory akasema, "Bonyeza, binti. Huyo si ng'ombe, hapigi teke." Nikakubali. Maandishi yalirudi vipandevipande. Mahali pako pameishia hivi: "Placida apewe sehemu ya", kisha alama zisizosomeka.

Baba Mkubwa Kahigi alicheka: "Hata kompyuta imekataa mwanamke kurithi kibanja!"

Pastory alinishauri nijazie, maana nani atajua? Ningeweza, Shangazi. Nililia nikiwa nimekaa mbele ya mashine. Lakini hayo yangekuwa maneno yangu, si ya Babu.

Jumapili ijayo ukoo unakaa kugawa. Sijawahi kusema mbele ya wazee. Hata darasani sauti hunikauka. Nitasimama niseme nilichosikia kwa masikio yangu. Sidhani kama watanisikiliza. Tafadhali usianze kufunga mizigo.

Wasalimie Kemirembe na mdogo wake. Mama na Bibi Auleria wanakusalimu sana. Mungu akutunze huko ugenini, na akupe pa kuegemea.

Mimi mtoto wa kaka yako akupendaye,
Kokwijuka