Kwa Fahd, Ghorofa ya Tano

Jumamosi, 12 Oktoba 2024
Tumefika Unguja. Nimetapika boti nzima. Mume wangu Msellem kampakata mwanetu Wafa tangu bandarini Mkoani mpaka hapa, na mkoba wangu begani. Kwetu Wawi, Pemba, mbele za watu hata kumbeba hambebi. Tumekuja kuangalia kazi — Fahd, binamu yake, anataka mtu wa kukaa dukani. Msellem akikubali tunahamia. Jibu Alhamisi. Ngazi za hapa haziishi. Miguu si yangu.

Jumapili, 13 Oktoba
Maji yanatoka bombani kutwa. Jiko la gesi. Sina kazi, na nimechoka kuliko siku za kuchambua karafuu. Rumaitha, mke wa Fahd, hanipi hata kisu nikate kitunguu. Mgeni hapikishwi, shoga, anasema. Mwema. Nimekaa kwenye kochi kama mgonjwa aliyekuja kutazamwa.

Jumatatu, 14 Oktoba
Leo tumechekwa. Wanaume wanakula ukumbini, sisi jikoni. Mara kiza, wingu zito. Nikainuka mbio. Msellem naye kainuka. Tumekutana mlangoni, kila mmoja na tonge mkononi na neno lile lile — twendeni tukaanue karafuu! Karafuu zenyewe ziko Wawi, tumemwachia mama yake Msellem azianike. Fahd kacheka mpaka kapaliwa. Nyinyi Wapemba, kasema. Kana kwamba yeye kazaliwa Makka.
Nikacheka na mimi. Halafu nikalitazama tonge langu. Kule wingu likifunga, kila mmoja hushika pembe yake ya jamvi, hatusemeshani. Miaka minne ya ndoa. Sikuwahi kufikiri kuwa peke yangu nisingeweza.

Jumatano, 16 Oktoba
Jana sikuandika. Wafa ana homa, meno yanamtoka. Msellem alikuwa dukani tangu asubuhi kujaribu kazi, karudi baada ya Isha, kajitupa kitandani na viatu. Kutwa hakuliona jua. Nikadhani kalala. Kumbe ananiuliza, Mwanapili leo kamwomba nani chumvi?
Mwanapili jirani yetu. Kila asubuhi huja na kikombe chake, chumvi kidogo, maneno saa nzima. Sikujua kama Msellem anajua. Nikamuuliza, umemkumbuka Mwanapili wewe? Kasema, nimekumbuka unavyocheka akija.
Nikamwambia tutazoea. Skuli zipo karibu, Wafa atasoma kuliko mimi. Kweli atasoma. Sijui nilikuwa namwambia yeye au najiambia mwenyewe.

Alhamisi, 17 Oktoba
Baada ya chakula Fahd katuita sote ukumbini. Haya, mumeamuaje?
Msellem kasema, muulizeni mama Wafa.
Fahd kacheka, kaona mzaha. Msellem hakucheka. Rumaitha kasimama na sahani mkononi, ananitazama. Mimi — hata posa ilipokuja aliulizwa baba.
Nikasema mtoto anataka kunyonya, nikaingia chumbani. Wafa kalala zamani. Homa imeshuka, alhamdulillahi. Naandika tu nipate kufikiri. Sauti zao zimekoma.
Mlango umegongwa mara moja, polepole. Nimeendelea kuandika. Hakugonga tena. Nimesikia kitasa kimeachwa, na Msellem kakaa chini sakafuni, mgongo kauegemeza mlangoni. Anapumua. Hanihimizi.