Ngozi Aliyoidai Mama Spesiosa

Jumatano. Mvua imekatika saa kumi, lakini mawingu bado yamelala juu ya ziwa, na nyumba nzima hapa Gungu inanuka nguo mbichi. Nimekaa kuandika mara tatu na mara tatu nimeinuka. Mara ya pili nilikwenda kufunga dirisha, nikakuta limefungwa.

Niandike tu.

Kwa asiyejua, kazi yangu ni kuchukua sampuli. Mimi ni muuguzi, na tangu mwaka huu uanze nimo kwenye timu ya utafiti wa aina fulani ya kidonda cha ngozi ambacho dawa za kawaida hazikiponyi. Tunawafuata kambini wakimbizi wa Burundi wanaokubali kujitolea. Nachoma sindano ya ganzi pembeni mwa kidonda, nakata kipande cha ngozi kisichozidi punje ya mtama, nakitia kwenye kichupa chenye dawa ya kukihifadhi, nabandika namba. Walinichukua mimi kwa sababu ni Muha. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo mimi ndiye ninayewasomea fomu ya ridhaa kabla hawajaweka dole gumba.

Yaani wakielewa, ni mimi. Wasipoelewa, ni mimi.

Alhamisi iliyopita jioni dereva alikuwa ameshawasha gari. Ilibaki sampuli moja kutimiza idadi ya siku. Akaja mama Spesiosa, mjane, mtu mzima kuliko mimi, ana kidonda kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Nikampa shikamoo, nikamsomea fomu harakaharaka kama mtu anayesoma risala ambayo hakuiandika. Alisikiliza kwa adabu, akaweka dole. Nilipokuwa namfunga bandeji akaniinamia.

"Muganga," alisema, maana ndivyo Warundi wanavyomwita yeyote anayeshika dawa, "sasa jina langu limeingia kwenye orodha?"

Nilijua ni orodha gani. Kambini iko moja tu ambayo watu huiulizia kwa sauti ya chini, ya wanaohamishiwa nchi za mbali. Hao hupimwa kwanza, hutolewa damu, huulizwa magonjwa ya ukoo mzima. Yeye aliona makoti meupe na vichupa vyenye namba, akajumlisha mwenyewe.

Ilikuwa nimwambie hapana. Neno moja tu.

Nikamwambia, "Usijali mama, kila kitu kimeandikwa."

Njiani nilijiambia kwamba sikusema uongo. Nilijiambia hivyo mpaka Simbo. Kutoka Simbo hadi mjini sikuweza tena.

Ijumaa nilifua mashuka yaliyokuwa safi. Jumamosi nilikwenda Katonga kununua dagaa, nikarudi na nyanya. Jumapili nilitoka kanisani mahubiri hayajaisha, mume wangu akanifuata nje akidhani naumwa. Nikasema ni joto. Kulikuwa na baridi.

Jumatatu nikamweleza daktari anayeongoza utafiti wetu. Si mtu mbaya, nimwandikie haki yake.

"Dole lake liko kwenye karatasi," alisema. "Na karatasi inasema wazi ni utafiti."

"Aliniuliza, daktari. Mimi nikamficha."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema niende nikamweleze ukweli, na akitaka kujitoa ajitoe, fomu yenyewe inampa haki hiyo. Kisha akaongeza, "Ila ujue, ukimweleza mmoja umeieleza kambi nzima."

Jana nikaenda. Nilimkuta mbele ya nyumba yake ya tofali za udongo, anapeta maharage. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa. Nilimwambia ule ni utafiti wa ugonjwa, haumpeleki mtu popote, na nilijua hivyo aliponiuliza. Aliendelea kupeta. Halafu akanionyesha kwa kidevu banda la kuku. Mlango ulikuwa wazi, ndani hamna kitu.

"Kuku nimegawa," alisema. "Mkeka nimempa jirani. Dada yangu yuko upande ule wa kambi, nimeshamuaga. Tulilia mpaka wajukuu wakatucheka."

Nikasema samahani kwa Kiswahili, nikairudia kwa Kiha. Hazikutosha zote mbili.

"Nirudishie ngozi yangu," akasema.

Nilidhani ni hasira. Nikamweleza kwamba mtu akijitoa, sampuli yake huchomwa kwenye tanuri la hospitali, hakuna atakayeigusa. Akaweka ungo chini.

"Mume wangu na watoto wangu wawili sikuwazika. Nilikimbia. Hicho kipande ni kidogo, na ni changu. Nitakizika mwenyewe."

Nilirudi mjini nikiwa na maneno hayo. Daktari alisema jambo hilo halijawahi kuombwa na mtu yeyote. Alipiga simu mara mbili, akazunguka meza, akapiga ya tatu. Mwisho akasema, "Mpe. Andika amejitoa." Nikatoa kichupa kwenye jokofu, nikakiosha kile kipande mpaka harufu ya dawa ikaisha, nikakifunga kwenye shashi safi ndani ya kikopo chenye mfuniko.

Leo asubuhi nikampelekea.

Alifungua kikopo, akaangalia, akakifunga. Labda alitegemea kitu kikubwa zaidi. Alichimba mwenyewe nyuma ya jiko, kwa jembe la kuazima, shimo refu kuliko lilivyohitajika. Nilinyoosha mkono nimsaidie, akasema hapana. Hakulia. Alisema majina matatu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeita watu waje kula, halafu akafukia. Manyunyu yalikuwa yameanza.

Mimi ndiye niliyelia. Akaniacha nilie bila kunibembeleza, na nashukuru.

Alipomaliza kunawa alikaa kizingitini, akanyoosha mguu wa kushoto.

"Kidonda bado kipo," alisema. "Kwa hicho nacho nimejitoa?"

Nikakisafisha na kukifunga upya. Kisha nikaenda naye hadi zahanati ya kambi, nikapanga naye foleni kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda kule. Tulikaa benchi moja zaidi ya saa mbili. Aliniambia kuku mmoja amerudishwa na jirani bila kudaiwa, hao wengine anaona haya kuwafuata. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza. Aliandikiwa dawa, na Jumatatu atarudi kusafishwa. Nimemwambia nitakuwepo, akajibu, "Tutaona."

Mimi na dereva tulipokuwa tunatoka getini mwa kambi, mzee mmoja akasimamisha gari. Namfahamu, nilimkata ngozi ya bega mwezi uliopita. Aliinamia dirisha langu na mvua inamwagikia mgongoni.

"Muganga, ni kweli safari haipo?"

Nikamwambia ni kweli, safari haipo na haikuwahi kuwepo. Alishukuru. Sijui alishukuru nini. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, bado amesimama palepale mpaka tulipokata kona.

Sasa najua mama Spesiosa hakuwa peke yake. Nimemwambia daktari kwamba kesho sitakata ngozi ya mtu. Nitawaita wote walioweka dole, mmoja mmoja, nisome upya, polepole, na anayetaka kujitoa ajitoe. Ameitikia kwa kichwa tu. Inawezekana kufikia Ijumaa jokofu liwe tupu, kazi ya miezi yote hii ikaishia hapo, na ajira yangu nayo.

Hilo naliogopa, ila silo linaloniinua kwenye kiti.

Kabla ya kusoma chochote nitamuuliza kila mmoja, ulidhani ngozi hii ni ya nini? Miezi yote hii sijawahi kumuuliza hata mtu mmoja. Je, nilikuwa sina muda, au nilikuwa nalijua jibu?