Nilipoanguka Kando ya Uzio wa Uwanja wa Ndege

Mdogo wangu mpendwa, Sisimizi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na neno hilo leo silitumii kwa mazoea. Unalala vizuri? Unakula? Bado unapanda ngazi za bweni mbiombio huku umebeba vitabu vyote kwa mkupuo mmoja, tabia iliyotufanya tukuite Sisimizi? Usinijibu kwa mzaha, nataka kujua kweli. Sisi huku tunaendelea. Mama mdogo anakusalimu sana. Miguu yake imepungua uvimbe, na bado anamlaani yule seremala aliyemwekea mlango wa jikoni unaofungukia upande usiofaa. Hali yangu nitakueleza hapa chini, taratibu, kwa hiyo tafadhali usiruke mistari kama kawaida yako.

Ujumbe wako wa hasira niliupata. Umesema mkufunzi wako amekuzuia kurusha ndege peke yako wakati zamu yako ilikuwa imeshafika, tena bila kukupa sababu yoyote, na kwamba wavulana wa darasa lako wanachekea viganjani. Umesema bwana huyo hataki kuona wanawake angani. Niliusoma mara mbili. Sikukupigia simu kwa sababu nakujua, ungenikatia kabla sijafika katikati. Barua hii nimempa Bi Spana, fundi wetu mkuu wa ndege, anayekuja huko kuchukua vipuri. Nimemwomba akae karibu nawe mpaka umalize kusoma.

Nianze na zile mbio zetu za hisani. Unajua tulivyozianzisha, sisi wanawake wachache wa uwanjani, marubani na mafundi na waongoza ndege, ili tuwasomeshe wasichana wanaotaka kazi hizi. Wewe mwenyewe ni tunda la mbio hizo. Mwaka huu nikasema nimechoka kukaa kwenye meza ya maji na kupiga makofi, nitakimbia mwenyewe, njia yote ile ndefu kutoka katikati ya mji hadi lango la uwanja wa ndege. Bi Spana alinicheka mpaka akashika mbavu. Alisema rubani ni mtu wa kukaa kitini, na kwamba siku nitakayofika mwisho wa mbio hizo yeye atakuja kazini na gauni la harusi. Halafu naye akajiandikisha, eti ili aone kioja kwa macho yake.

Tulianza vizuri. Tulipita kwenye maghala, tukapita kituo cha mafuta, tukapita shule ambayo watoto walikuwa wamejazana juu ya ukuta wakitupigia kelele. Bi Spana alihema kama pampu mbovu lakini mdomo haukupumzika hata kidogo. Barabara ikapinda na kuanza kufuata uzio wa uwanja. Ndege yetu moja ikaruka, ikapita karibu kabisa juu ya vichwa vyetu, na wakimbiaji wote wakashangilia na kuongeza mwendo. Nami nikaongeza. Hapo ndipo moyo uliporuka pigo moja, kisha ukaanza kupiga ovyo ovyo, kama mtu anayegonga mlango huku akitukana.

Nilikuwa nimeshawahi kuusikia ukifanya hivyo, Sisimizi. Mara moja nilipokuwa nikipanda ngazi za ofisi kwa haraka, na mara nyingine tulipotua kwenye upepo mbaya. Sikumwambia mtu. Wewe umeshaanza kuijua desturi yetu marubani. Kwa daktari anayetupima kila mwaka tunaingia tukiwa tumevaa uso wa afya. Akiuliza tunajibu, asipouliza hatuna la kusema. Sindano yake haitutishi, tunachokiogopa ni kalamu yake, inayoweza kutufutia leseni. Basi siku ile nami nikajikaza kisabuni. Nilijiambia kwamba wasichana tutakaowasomesha mwakani wananitazama, kwamba lango si mbali. Nakumbuka nilishika waya wa uzio. Nakumbuka ulikuwa wa moto kwa jua.

Nilipozinduka nilikuwa chali kwenye changarawe na Bi Spana alikuwa juu yangu. Alinieleza baadaye kwamba macho yalikuwa wazi lakini nilikuwa sipumui, na kwamba alinibana kifua kwa ile mikono yake ya kukazia nati mpaka gari la zimamoto la uwanjani lilipofika na mashine ya kuushtua moyo. Tangu nimfahamu sijawahi kumwona akilia. Siku hiyo alikuwa analia tu, kamasi zinamtoka, na hakuzifuta.

Hospitali walinilaza chumba kimoja na bibi aliyekuwa akikoroma. Waliupima moyo nikiwa nimelala, ukatulia tuli, ukajifanya mtoto mwema, jinsi ulivyomdanganya daktari wetu miaka yote. Kisha wakanivisha nyaya, wakanisimamisha kwenye mkanda wa kukimbilia huku wamenizunguka tayari kunidaka. Kabla sijatembea muda mrefu, ukacharuka. Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, alisimamisha mkanda haraka na kunirudisha kitandani. Alieleza kwamba mapigo ya mtu mwenye ugonjwa huu huvurugika anapokimbia au anaposhtuka, na akitulia usingejua kama ana tatizo lolote. Akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyekufa ghafla akiwa bado kijana. Nikasema hakuna. Halafu nikamkumbuka mama.

Unajua tulivyoambiwa, kwamba mama alianguka akafa kwa sababu ya jua kali, siku alipomkimbilia mtoto wa jirani aliyekuwa anaelekea barabarani. Mama mdogo alikuwa ameketi pembeni ya kitanda changu, mkoba mapajani. Alianza kuukunja upindo wa shuka, akaukunjua, akaukunja tena. Ndipo aliposema kwamba mama alikuwa akianguka tangu alipokuwa msichana, kwenye michezo ya shule, na kwamba kaka yao mkubwa, yule tuliyeambiwa alizama, alikuwa mwogeleaji hodari kuliko wote. Wazee walikubaliana wasituambie, tusije tukakua na woga. Sikuweza kumkasirikia. Niliushika ule mkono uliokuwa ukikunja shuka.

Daktari akaweka kalamu chini, akaniuliza nina ndugu wangapi wa tumbo moja. Nikasema mmoja. Akauliza uko wapi na unafanya kazi gani.

Sisimizi, sijawahi kuogopa hivyo, hata pale kwenye changarawe. Alisema jambo hili hutembea katika damu, kwamba huenda unalo na huenda huna, na hakuna wa kujua mpaka upimwe ukiwa kwenye mwendo. Mimi nilikuwa simsikilizi tena. Nilikuwa nakusikia wewe, siku ile uliponipigia baada ya zoezi la kuzimikiwa injini. Uliniambia huku unacheka kwamba moyo ulikwenda mbio, ukaona giza, na mkufunzi akashika usukani kwa muda. Nami nikakujibu nini? Nilikwambia unywe maji, ujikaze, na usithubutu kumwambia daktari. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mimi. Tangu hapo simu ikilia naogopa kuitazama.

Kwa hiyo sasa nikuambie lililonifanya nikuandikie. Mkufunzi wako hana kosa. Mimi ndiye niliyempigia, nikiwa bado kitandani, nikamsihi asikuruhusu kupaa peke yako hata kama utapiga magoti. Nilimwomba asikwambie sababu, kwa kuwa ni jukumu langu kukueleza. Matusi yako ameyameza yote kimya kimya, na utamwomba radhi. Umeshafundishwa kwamba ndege ikiwa inakimbia kwenye njia ya kurukia na mwenzako akasema simama, unasimama, hata kama yeye ni mdogo wako kazini, na sababu unaiuliza baadaye. Akiwa amekosea, mtaruka kesho. Nami nimekwambia simama. Naomba usiku na mchana niwe nimekosea.

Leseni yangu nimeirudisha mwenyewe, wala hawakuninyang'anya. Daktari anasema kwa dawa nitazeeka vizuri, lakini si kwenye kiti cha mbele cha ndege. Nililia sana, sikufichi. Na wewe siwezi kukuahidi kwamba hutalia. Nikifikiria kwamba huenda nimekuondoa angani kwa simu moja, naweka kalamu chini. Nikifikiria kwamba ningenyamaza, siwezi hata kuumaliza mstari huu. Bi Spana atakupeleka kupimwa moyo, miadi imeshachukuliwa, na usimkimbie kwa sababu hata yeye sasa ameanza kukimbia vizuri. Kasirika utakavyo, nitukane upendavyo. Ila nitukane kwa mdomo wako mwenyewe, nikikusikia.

Nisalimie mwenzako wa chumbani, na umwambie asikuache upande zile ngazi mbio. Mama mdogo anasema ule ushibe, na anaomba umsamehe kwa alilolificha. Mimi nitafika huko wiki hii, wamenikatia tiketi ya kiti cha nyuma kabisa, karibu na choo. Njoo unipokee, tembea polepole.

Ni mimi dada yako,
abiria.