Chupa Kando ya Ndimu

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuachia. Mimi sijambo. Mama anakusalimu, magoti bado yanamsumbua, lakini mdomo wake, kama unavyoujua, haujapata kuugua.

Najua miaka miwili ni mingi mno kwa dada kukaa bila kumwandikia mdogo wake. Nivumilie usome hadi mwisho.

Nianze na Chiriku, maana ndiye utakayemtafuta kwanza kwenye karatasi hii. Ametimiza miaka sita. Wamempanua koo mara ya nne, na daktari anasema huenda wakarudia. Uji mwepesi unapita, mkate bado. Mtoto wa kaka yetu, tuliyempa jina la ndege kwa sababu ya kupiga soga kutwa, sasa anaongea kwa sauti ya kukwaruza, neno mojamoja. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha, kijiko kwa kijiko, saa nzima kikombe kimoja.

Kazi yetu ya kuchapa vitambaa vya jikoni ilikufa siku ileile Chiriku alipoungua koo. Meza bado ipo uani, imepauka kwa jua, na alama za matunda tuliyoyakata kuwa mihuri ya kuchapia hazijafutika: nusu za ndimu, nusu za machungwa, na lile tufaha ulilolikata vibaya ukasema limefanana na mwenye nyumba akija kudai kodi. Wateja walilipenda kuliko yote. Majuzi nililiona nikacheka peke yangu, kisha nikalifunika kwa kitambaa.

Unakumbuka ulivyoulizwa siku ile. Kaka alisema mchanganya rangi ni wewe, basi aliyetia maji ya kostiki, ile dawa kali ya kukolezea rangi, kwenye chupa ya sharubati ni wewe. Siku ya kwanza ulikataa. Siku ya pili ulinyamaza. Siku ya tatu ulisema pengine ulipitiwa, pengine kweli ni mkono wako, ukafunga virago. Nami nikakusindikiza hadi barabarani, nikikuambia yatapita.

Mdogo wangu, hukupitiwa. Ni mimi. Ulipokwenda kuanika aproni, kopo la kostiki lilianza kuvuja. Nikamimina yale maji kwenye chupa ya sharubati iliyokuwa karibu, nikaiweka mezani kando ya ndimu zilizokatwa, nikisema moyoni nitaiondoa sasa hivi. Mama akaniita ndani. Mtoto aliona matunda, akaona chupa, akanywa. Angedhani nini kingine?

Nilisikia unavyolaumiwa, nikajiambia nitasema kesho. Kesho ikazaa kesho. Kila nilipomlisha yule mtoto nilijidanganya kwamba ninalipa, kumbe nilikuwa najificha nyuma ya kijiko.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula cha mchana, nilisema mbele ya wote. Mama alijifunika uso kwa viganja. Kaka alitoka nje bila viatu. Wifi alikuwa anamfuta mtoto mdomo, hakuacha. Aliniuliza polepole, "Miaka miwili umemlisha mwanangu kwa mkono huohuo?"

Nilifungasha nguo zangu. Kabla sijaondoka, kaka alirudi kuniomba anwani yako, macho chini, nami nikampa. Atakuja mwenyewe. Umpokee au umfungie mlango, haki ni yako.

Sikuombi msamaha. Nilitaka ujue mikono yako ni safi, na kwamba dada yako alijua hivyo tangu saa ya kwanza.

Chiriku alinifuata hadi mlangoni, akaniuliza nani atampa uji kesho. Nilimwambia shangazi yake mdogo anarudi. Hilo nalo nimelisema bila kukuuliza.

Wape salamu zangu majirani waliokupokea nilipokutupa. Uwe na afya, ule vizuri.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
niliyekuponza.