Damu Yenye Harufu ya Stroberi

Jumamosi, Julai. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya Birmingham yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu.

Leo nimempasua mtu uso.

Nimeliandika mapema ili nisilizunguke. Ninyi wachache mnaopita hapa mnanijua kama mama anayeandika juu ya maua yake ya dirishani, juu ya wazee anaowaogesha kule Edgbaston, na juu ya basketiboli ya vyuo vya Marekani. Mnajua pia habari za Daudi. Kwa mgeni: Daudi ni mwanangu. Alichomwa kisu akafa kwenye uwanja wa simiti hapa Handsworth, mwaka juzi, kwa sababu ya maneno ambayo hata aliyemchoma hakuweza kuyakumbuka vizuri mbele ya hakimu.

Chai nainywa kwa mkono wa kushoto; wa kulia ndio uliopiga.

Daudi ndiye aliyenifundisha mchezo huu. Mechi za Marekani huchezwa sisi huku tukiwa tumelala, kwa hiyo tulikuwa tunaangalia marudio asubuhi, mimi nikiwa bado na sare ya kazi. Sharti lilikuwa moja: hakuna kuchungulia matokeo. Simu zote ziliwekwa nyuma ya mkebe wa sukari mpaka mchezo uishe. Alinionyesha maskauti, wale wanaovitafutia vyuo wachezaji, wanatazama nini. "Usimwangalie anayefunga, Mama. Mwangalie aliyekosa. Anarudi mbio kukaba, au anasimama kujihurumia?"

Kulikuwa na kocha wa chuo kimoja, kwenye jimbo la mashamba ya mahindi, aliyekuwa akiwapigia simu Daudi na rafiki yake Kevo. Aliwataka wote wawili. Akaenda Kevo.

Tangu hapo chuo hicho ni changu. Nina skafu yao, nawajua wachezaji hadi wale wa benchi, na husoma kurasa za mashabiki wenzangu. Humo ndani kunatisha. Zamani mwanafunzi hakuruhusiwa kupokea chochote kwa ajili ya jina lake. Siku hizi anaweza kuliuza jina lake na sura yake kwa makampuni, afanye matangazo, ahamie chuo chenye matajiri zaidi. Basi kijana akihama, watu wazima wenye watoto wao wanamwombea mguu uvunjike. Mmoja aliandika kwamba angependa kuusikia mlio wa goti likikatika. Watu wengi walimpongeza.

Mimi nilikuwa upande wa vijana. Kocha analipwa, televisheni inalipwa, anayeuza soseji mlangoni analipwa. Kwa nini anayetoka jasho asilipwe? Jina ni lako, sura ni yako, uza.

Bado nasema hivyo. Ila sikujua kama kuna kitu cha tatu kinachouzika.

Kevo alipata kampuni, ya kinywaji cha kuongeza nguvu. Shida ni viza. Wenzake wa kule hupigwa picha za matangazo hapo hapo chuoni, lakini yeye yuko kwa viza ya mwanafunzi, na akifanya kazi kama hiyo kule anaweza kufukuzwa. Kwa hiyo tangazo lazima lipigwe huku nyumbani, Birmingham, wakati wa likizo. Mjomba wake, Wanyama, ndiye aliyejifanya meneja. Wanyama namjua tangu Webuye, kwetu Kenya. Huvaa suti na tai hata akienda kununua maziwa. Pia alibeba jeneza la mwanangu begani kwenye matope bila kubadilishana na mtu. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine.

Wiki iliyopita Kevo alikuja kunisalimia. Amerefuka hadi anainama mlangoni. Nikampa jezi ya Daudi.

Kwetu nguo za marehemu hugawanywa. Watu wa nyumbani hukaa pamoja na kila nguo hupata mtu wake. Waligawa za Daudi zote, ila mimi nilibakiza jezi yake ya mazoezi, ya bluu, namba kumi na moja. Mama mkwe amekuwa akinipigia simu: "Unamshikilia mtoto kwa nguo. Mwachilie." Basi mimi mwenyewe nilimvisha Kevo, juu ya shati, nikamnyoosha mabega kama anakwenda shule. Na kwetu nguo hiyo ikishatolewa hairudishwi, wala aliyeitoa hana neno tena juu yake. Aliyepewa anaweza kuivaa kanisani au kupangusia baiskeli.

Desturi hiyo nimeijua maisha yangu yote. Sikuwahi kuwa mtoaji.

Leo nilipotoka zamu nilishuka basi Soho Road, nikanunua unga na mwiko mpya kwa sababu wa zamani umepasuka. Kisha nikakata njia kupitia uwanjani. Huwa sipiti pale. Leo nilijua watu wa kamera wapo, na nilitaka kumwona Kevo akirusha mpira na jezi ile mgongoni. Nilikuwa nimefurahi. Nilikuwa hata natembea haraka.

Kevo alikuwa amelala chini ya kikapu. Pale pale.

Jezi ya bluu ilikuwa imelowa nyekundu tumboni. Juu yake alisimama kijana mwenye kofia ya koti kichwani, kisu mkononi.

Sikupiga kelele. Watu hudhani mama hupiga kelele. Nilidondosha unga, mwiko ukabaki mkononi, na nikaenda.

Nilimpiga yule kijana kwenye kifundo cha mkono, kisu kikaruka na kudunda kwenye simiti. Kikadunda tena. Kisu cha chuma hakidundi. Nilikiona kikidunda, nikaelewa, na bado nikampiga begani, na shingoni, na mgongoni alipojikunja.

"Anti, ni cha mpira! Angalia, ni cha mpira!" yule kijana alilia.

Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Nilitaka kuivunja hiyo sauti. Nilitaka kusikia kitu kikikatika, kama yule mtu wa kwenye kurasa za mashabiki. Mikono hii inayojua kumgeuza bibi kitandani bila kumwamsha ilitaka kuua, na ilijua namna.

Mtu akanikamata kwa nyuma. "Mama Daudi! Ni filamu tu! Hajafa, Mama Daudi, mwone, hajafa!"

Niligeuka na mwiko ukampata Wanyama juu ya jicho. Nyama ilifunguka. Damu ikatoka, hii sasa ya kweli, ikajaza jicho na kushuka hadi kwenye tai. Akakaa chini kwenye maji. Akautazama mkono wangu.

"Mwiko?" akasema. "Mwanamke, umenipiga na mwiko?"

Kwa wasiojua: kwetu mwanamume akipigwa na mwanamke kwa mwiko amepatwa na balaa. Hasimami tena mbele ya wanaume wenzake mpaka atakaswe.

"Mjomba, unatoka damu," Kevo alisema. Alikuwa ameinuka, nyekundu kifua kizima.

"Damu itakauka! Mwiko nitaupeleka wapi? Heri angenipiga na tofali!"

Siku nyingine ningecheka hadi nishike ukuta. Leo nilimpiga tena.

Mwiko ndipo ulipokatika, na ndipo nilipoiona taa ndogo ya kamera. Ilikuwa bado inawaka. Dairekta ni msichana mwenye uso mpole. Mkono mmoja aliuweka mdomoni kwa mshtuko. Mkono wa pili, chini kiunoni, ulikuwa unamwashiria mpiga kamera aendelee.

Nilikwenda nyumbani bila unga.

Nimekaa jikoni nikifikiria kesi. Siku zote za kesi nilikaa nimefumbata mikono. Mawakili walinisifu kwa utulivu wangu. Sikumtukana aliyemuua mwanangu, hata sikumtazama sana. Nilidhani nimeusamehe ulimwengu. Kumbe nilikuwa nimeuwekea akiba, na leo akiba hiyo imemwangukia mtoto wa watu aliyekodiwa kushika kisu cha mpira.

Jioni, jua likiwa limetoka kwa kuchelewa kama kawaida yake, Kevo alibisha hodi. Alikuwa na mfuko wa plastiki. Simu yake aliiweka nyuma ya mkebe wa sukari bila kuambiwa. Zamani alikuwa akija kuangalia marudio na sisi, hajasahau.

Nilimuuliza habari za Wanyama. Ameshonwa. Hataenda polisi.

"Anasema polisi watamuuliza amepigwa na nini."

Tulitazamana. Ni yeye aliyecheka kwanza, kisha akaacha haraka.

Yule kijana wa kisu hajaumia mifupa. Jina lake ni Jordan, anasomea uigizaji, na mama yake hajui bado. Nimeomba namba ya mama yake.

Kisha Kevo akatoa lililomleta. Kampuni imeshaona picha za leo. Wamezipenda. Hawataki tena zile walizopanga, za Kevo kuanguka kama Daudi kisha kuinuka, wanataka hizi. "Wanasema wewe ndiye tangazo, Anti." Nikikubali, yeye ataongezewa, na mimi nitalipwa. Mama mtu akikimbia na mwiko kumwokoa mwanawe, kisha kopo la kinywaji.

Kwa hiyo sasa hata mimi nina sura ya kuuzwa.

Kevo aliusukuma mfuko mezani, jezi ikiwa ndani. "Chukua, Anti. Sistahili."

"Hairudishwi."

"Hata kama nimekosea?"

"Hasa kama umekosea."

Akaficha uso kwenye viganja vyake vikubwa. Kiswahili chake ni cha nyumbani, kifupi, na alikitafuta neno kwa neno. Alisema mama yake anasafisha ofisi usiku na kupika shuleni mchana, na pesa hizi zingempumzisha. Alisema kule chuoni hakuna anayejua kwamba Daudi aliwahi kuwako. Wanamsifu yeye kwa kurudi mbio kukaba, na ni Daudi aliyemfundisha. "Nilidhani wakiona alivyokufa, dunia nzima itamjua."

Hilo liliniuma kuliko kisu cha mpira. Hakuwa na ubaya. Alitaka nilichokitaka mimi.

Ningeweza kumwamuru. Angenitii, ni mtoto wa adabu. Lakini jezi nilishaitoa, na nikimwamuru leo nitakuwa nimeichukua tena mgongoni mwake. Nilimwambia tu ninavyofikiri.

"Jina lako, uza. Sura yako, uza, ni nzuri, uwabane kwa bei. Nitakinunua hicho kinywaji nimwagie maua. Lakini ile damu, Kevo, si yako."

Aliupitisha ukucha kwenye ufa wa meza, pale pale Daudi alipokuwa akiupitisha wake. Kisha akachukua simu nyuma ya mkebe na kumpigia dairekta.

Aliongea kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayesoma kwa sauti darasani. Hakuna kisu. Hakuna kulala chini. Mama asionekane popote. Wakitaka, kesho atakuja arushe mpira hadi giza liingie. Upande wa pili ukasema maneno mengi. Aliyasikiliza yote. Kisha akasema hapana, akashukuru, akakata.

"Wamejitoa," akasema.

Nilimwona anainuka, anaketi, anainuka tena. Kosa limetokea, mpira uko upande ule wa uwanja, na yeye hajui asimame au akimbie.

"Mjomba ataniua."

"Mjomba hana nguvu hizo. Ana balaa la mwiko."

Alicheka na kulia kwa pamoja, akapangusa pua kwa mkono wa shati kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Akasema yeye mwenyewe anakwenda kumwambia mama yake, kabla Wanyama hajamwambia. Alipofika mlangoni akainama, akatoka mbio.

Jezi aliiacha niifue. Kufua si kurudishiwa.

Nimetumia beseni mbili. Katika moja nimeweka jezi. Ile nyekundu ilitoka kwa maji ya kwanza, bila sabuni, na jikoni kote kukanukia stroberi, kama peremende za watoto. Katika nyingine nimeloweka sare yangu, yenye damu ya Wanyama mkononi. Nimetia chumvi, nimebadilisha maji, nimesugua. Bado ipo, kahawia, kama ramani ya nchi ndogo.

Kesho baada ya kanisa nitakwenda kwa Wanyama. Kwetu jambo kama hili huondolewa kwa kuku aliye hai, na sijui mtu anampata wapi kuku aliye hai Birmingham siku ya Jumapili. Nitaulizia kwenye mabucha ya Ladypool Road. Nikikosa, nitapeleka aliyekwisha kuchinjwa na kuomba msamaha mara mbili. Nitamwomba kwa dhati, ingawa nikifumba macho mkono wangu bado umeshika mpini. Kisha nitampigia mama yake Jordan.

Jezi inaning'inia dirishani juu ya maua, inadondosha maji safi. Kesho itakuwa imekauka na mwenyewe atakuja kuichukua.

Nimeinusa mara moja tu, nikafungua dirisha.