Garifalia Wawili na Msalaba Mmoja

Livadaki, 9 Mei

Dada yangu mpendwa,

Kristo amefufuka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Iraklio, pamoja na baba mkubwa Manolis na mama mkubwa. Sisi hatujambo, ila magoti ya Bibi yanaendelea na ugomvi. Bado hataki simu. Anataka barua, nimsomee huku akichambua mboga za porini. Hii nitamsomea nusu.

Majibu yamefika. Unakumbuka Jumatatu ya Pasaka, madaktari walipopanga meza kwenye ua wa kanisa na kuutoa damu ukoo mzima? Walitaka kujua ni kasoro gani ya vinasaba iliyousimamisha moyo wa Babu shambani, na wa baba mdogo Stelios uwanjani. Mimi sina. Wewe unayo. Bibi alilia, kisha akavua msalaba wake wa dhahabu, akampa dereva wa basi akuletee.

Dada, nimefunzwa kusema kweli. Msalaba ule hufuata jina, na jina la Bibi tunalo sote wawili. Lakini ni mimi ninayelala chumbani mwake na kumpaka mafuta magotini. Sasa kutwa ni Garifalia wa Manolis amekula nini, Garifalia wa Manolis amelalaje. Kasisi amekutaja katika maombi. Mimi nimekuwa wa kwanza katika biolojia na hakuna aliyeuliza. Nakuombea kila siku. Nakuonea wivu pia, na najua ni dhambi.

Mdogo wako,
Garifalia

Iraklio, 2 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Bibi je? Mbusu mashavu yote mawili kwa niaba yangu.

Unaona wivu? Njoo uchukue, na ugonjwa wenyewe uubebe. Mpira wa wavu nimekatazwa, kahawa nimekatazwa, na nikipanda ngazi mama anasimama chini amekinga mikono. Daktari Evanthia, anayesimamia utafiti, ananitoa damu tena na tena. Anasema vinasaba vinaeleza moyo unaweza kufanya nini siku moja, lakini protini zilizomo damuni ndizo zinazoeleza unafanya nini leo. Wakimaliza kuzisoma wataniwekea kifuani kidude cha kuushtua moyo ukisimama. Msalaba ninao. Ni mzito, unanikwaruza.

Na sikukuu ya Mama wa Mungu, Agosti, nani ataongoza ngoma? Wewe. Nafasi ile ilikuwa yangu tangu utotoni. Basi tusidanganyane, mwenye wivu hapa ni mimi.

Dada yako,
Garifalia

Livadaki, 18 Agosti

Garifalia,

Natumaini u mzima. Bibi anakusalimu.

Niliongoza. Wazee walisema nina miguu ya Babu. Ulipofika wimbo wa haraka, moyo ukaanza kupapatika kama kuku aliyeshikwa miguu, macho yakaingia giza, nikaanguka mbele ya kijiji kizima. Vijana wakacheka, wakasema pombe ya raki imenizidi, nami sikuwa nimeonja hata tone.

Bibi alisema ni kijicho. Alidondosha mafuta ya zeituni kwenye maji, akaanza dua, akapiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Unajua maana yake. "Jicho kali hili," akasema, "na ni la mtu wa karibu."

Sikutaja mtu. Lakini wivu wako uliuandika kwa mkono wako mwenyewe. Msalaba umechukua. Niachie ngoma.

Garifalia

Iraklio, 4 Septemba

Mdogo wangu mpenzi,

Kabla ya salamu, keti. Daktari Evanthia anampigia simu baba yako leo, lakini nataka usikie na kwangu.

Protini zangu zilikataa kukubaliana na vinasaba. Picha za moyo nazo zikakataa. Wakanitoa damu mpya wakaisoma upya, na kasoro haimo. Ndipo wakavitafuta vichupa vya Pasaka. Changu kimeandikwa Garifalia M. Skoulataki, Livadaki. Na chako hivyo hivyo, majibu yakabadilishana. Manolis na Michalis, ndugu wawili, kila mmoja amempa binti yake jina la mama yao, na mwuguzi mgeni hakujua kwamba kwetu herufi moja haitoshi.

Nilicheka, mdogo wangu. Nilikwenda kununua aiskrimu. Nikiwa naila mlangoni pa maabara, Daktari akaniuliza, "Na yule Garifalia mwingine, anacheza michezo?" Nikakumbuka barua yako. Aiskrimu yote ikanimiminikia mkononi.

Si jicho langu lililokuangusha. Usicheze. Hata mbuzi akitoroka, mwache aende.

Dada yako

Iraklio, 21 Septemba

Mdogo wangu,

Hujajibu. Baba mdogo Michalis anasema umelazwa Athene na hutaki kusemeshwa na mtu. Nimemtuma mama na msalaba. Ulikuwa wako tangu mwanzo. Nijibu hata kwa matusi.

Dada yako

Athene, 12 Oktoba

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, na leo si adabu tu, nimepimwa. Kidude kimekaa kifuani, na msalaba wa Bibi unalala juu yake. Kweli unakwaruza.

Nilinyamaza kwa sababu nilikuchukia. Niliutamani msalaba bila ugonjwa, na wewe ukapewa moyo mzima bila kuuomba. Sasa Daktari Evanthia hunionyesha picha za vinasaba vyangu, nami namsumbua kwa maswali hadi anasahau chakula. Amesema nikimaliza shule nimtafute. Wana wa baba mdogo Stelios nao watapimwa upya, safari hii kwa jina kamili la baba.

Bibi amekubali simu. Alinipigia, akasema jicho lile bado analiamini, ila labda lilipotea njia.

Agosti ijayo utaongoza wewe. Mimi nitakaa na Bibi kwenye viti vya wazee. Vaa ushanga wa bluu wa kukinga kijicho, dada, kwa maana nitakutazama kwa macho yote mawili.

Mdogo wako,
Garifalia wa Michalis